Shira ya Kahawa Si Shira ya Kaimati

Ukiondoa buni yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Kagera, Kilimanjaro na mikoa ya kusini, hakuna kinachoingia kwenye kahawa na shira yake ambacho mkazi wa Kata ya Mzinga, mjini Morogoro, analazimika kukifuata nje ya Mkoa wa Morogoro. Sukari hutengenezwa Kidatu na Ruembe katika viwanda vya Kilombero, hutengenezwa Mtibwa kule Turiani, na pia Mbigiri wilayani Kilosa chini ya kampuni ya Mkulazi. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga huteremka kutoka upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, huko Mkuyuni, Matombo na Kinole, ambako mawingu ya Bahari ya Hindi humwaga mvua kabla ya kuvuka vilele. Upande wa pili wa milima, Mgeta, kwenye baridi na ukungu, kuna plamu na pichi. Hata Mto Mzinga hubeba maji ya milima hiyohiyo hadi Bwawa la Mindu, nayo hurudi mjini kwa mabomba. Kata yenyewe inajulikana zaidi kwa Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi, kuliko kwa mapishi, lakini kwa upande wa malighafi imekaa pazuri mno. Pamoja na hayo, chupa za shira zinazopangwa nyuma ya mashine za kahawa kwenye migahawa ya mijini aghalabu zimevuka bahari. Mojawapo ya majina makubwa katika biashara hiyo, Monin, lilianzia Bourges, Ufaransa, mwaka 1912. Anayeinunua chupa hiyo analipia sukari, maji, kioo na nauli ya meli.

Jambo la kujiuliza ni kwa nini wanaojaribu kutengeneza shira hiyo nyumbani huachia njiani. Malalamiko ni yaleyale: imeganda chenga chini ya chupa, imechacha, au imekuwa tamu bila harufu ya maana. Makosa hayo matatu yanaonekana kuwa mbalimbali, ila chanzo chake ni kimoja. Mpishi wa kwetu anaijua shira tangu utotoni, na shira anayoijua ni ile ya kaimati na visheti. Anapotaka kuitengenezea kahawa, anatia sukari, maji na viungo vyote kwenye sufuria moja, anawasha moto, anaacha ichemke hadi iwe nzito. Ninachotetea hapa ni kwamba kazi ya kutoa harufu kwenye viungo na kazi ya kuyeyusha sukari zitenganishwe: ya kwanza ifanywe na maji matupu juu ya moto, ya pili ifanywe kwa uzito uliopimwa, na sufuria isiachwe kuchemka tena.

Shira ya kaimati ina kazi moja, nayo ni kushika. Kaimati ikitoka kwenye mafuta hutumbukizwa, hugeuzwa, na ikiinuliwa inatakiwa ibaki na ganda linalong'aa badala ya kuiacha shira yote chini ya sahani. Ndiyo maana mpishi huichemsha mpaka tone likivutwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada lifanye uzi. Kufikia hapo maji mengi yameshapotea kwa mvuke, joto la sufuria limepita nyuzi 100 za Selsiasi, na sukari iliyomo imezidi kwa mbali kiasi ambacho maji yaliyobaki yangeweza kukibeba yakipoa. Ni moto tu unaoishikilia. Shira ikipoa huanza kuitema ile ya ziada, kwanza chembe chache ukingoni, kisha tabaka zima chini. Kwa kaimati zinazoliwa jioni ileile, hilo halimsumbui mtu. Kwa chupa inayotakiwa kumiminika wiki mbili baadaye, ni hasara.

Shira ya kahawa inatakiwa ichanganyike papo hapo, hasa kwenye kinywaji baridi, maana hapo ndipo sukari ya kawaida inaposhindwa. Watu wengi hudhani kahawa yenye barafu haiwezi kuyeyusha sukari. Kwa kweli inaweza, tena sana: gramu 100 za maji yaliyokaribia kuganda zinaweza kubeba takriban gramu 180 za sukari. Kinachokosekana ni kasi. Katika maji ya moto chembe huvunjika kwa sekunde chache, lakini kwenye baridi huchukua dakika nyingi za kukoroga, na mnywaji hana subira hiyo. Anamaliza kahawa chungu na kukuta sukari imekaa chini ya glasi. Shira imeshaimaliza kazi ya kuyeyusha kabla glasi haijajazwa. Faida hiyo haihitaji uzito wa uzi hata kidogo, na shira inavyozidi kuwa nzito ndivyo inavyozama na kugoma kuchanganyika.

Kiasi cha sukari basi kiamuliwe na jambo jingine, yaani muda ambao chupa itakaa. Wataalamu wa chakula hupima ni sehemu gani ya maji iliyo huru kutumiwa na vijidudu, kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Maji matupu ni 1. Bakteria wengi wanaoharibu chakula hukwama kipimo kikishuka chini ya 0.91 hivi. Shira yenye uzito sawa wa sukari na maji iko karibu na 0.94, kwa hiyo bado ni makazi mazuri kwao. Ukitia sehemu tatu za sukari kwa mbili za maji, unashuka hadi karibu 0.90. Ukitia mbili kwa moja, unafika karibu 0.85, na hapo hata bakteria wagumu wanapata shida. Wafamasia walilijua hilo zamani kwa uzoefu: shira tupu ya dawa katika kitabu rasmi cha Uingereza cha viwango vya dawa huwa na gramu 667 za sukari katika kila gramu 1,000, ambayo ni ile mbili kwa moja, na sababu yake ni kwamba ikipungua inachacha, ikizidi inaganda. Kwenye joto la nyuzi 20 maji hubeba sukari mara mbili ya uzito wake na kuishia hapo. Kwa hiyo mbili kwa moja ni ukingo. Chupa hiyo ikiingia kwenye friji huenda ikaanza kutoa chenga. Ushauri wangu ni tatu kwa mbili kwa mwenye friji, na mbili kwa moja kwa asiye nayo.

Hapa hujitokeza pingamizi la kwanza, tena la haki: jikoni kwetu hakuna mizani. Vitabu vya mapishi hukwepa kwa kusema kikombe kwa kikombe, na hapo ndipo vipimo vinapopotea, kwa sababu kikombe cha sukari hakilingani uzito na kikombe cha maji, na sukari ya chenga kubwa hujaza kikombe tofauti na ya chenga ndogo. Lakini mizani ipo, iko dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani. Sukari hununuliwa robo, nusu au kilo, na imeshapimwa kabla haijafika nyumbani. Maji nayo hayahitaji kupimwa kwa uzito, kwa kuwa nusu lita ya maji ni nusu kilo, na chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita iko karibu kila nyumba. Robo tatu ya sukari kwa chupa hiyo moja ya maji ni tatu kwa mbili. Kilo moja kwa chupa hiyohiyo ni mbili kwa moja. Kipimo hiki ni sahihi kuliko kikombe chochote. Sharti lake ni moja: maji yapimwe baada ya kutoa harufu ya viungo na kuchujwa. Viungo hunywa maji, mvuke hubeba mengine, na anayepima mwanzoni hajui amebakiwa na kiasi gani.

Sasa tuje kwenye viungo, kwani hapa ndipo penye utajiri na ndipo panapoharibika zaidi. Harufu ya kiungo imo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo ni mepesi kupaa. Pemba kuna ushahidi wa ukubwa wa kiwanda: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina kiwanda cha makonyo huko Wawi, Chake Chake, ambako vikonyo vya karafuu hupitishiwa mvuke, mvuke huondoka na mafuta, kisha hupozwa na mafuta hukusanywa. Sufuria isiyofunikwa inafanya kazi ileile bila mtu wa kukusanya. Jiko likijaa harufu nzuri, watu wa nyumbani husifu, na harufu waliyoisifu ndiyo ambayo haitakuwamo kwenye chupa. Mfuniko basi ni kifaa cha lazima, na matone yanayojikusanya chini yake yarudishwe ndani ya sufuria. Sukari nayo ina kosa lake ikiingizwa mapema. Inayashika maji, inayafanya mazito, na maji mazito hupenya polepole kwenye gome na mbegu. Maji matupu huchukua zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Hata hivyo viungo havifanani, na anayevitia vyote kwa wakati mmoja anavidhulumu karibu vyote. Mdalasini ni gome. Unahitaji muda, na dakika 15 hadi 20 za moto mdogo chini ya mfuniko zinaufaa. Utumike wa vijiti, usiwe wa unga, kwa kuwa unga hauchujiki vizuri na hufanya utelezi. Mdalasini wa kwetu, wa Uluguru, Amani na Zanzibar, kwa kawaida ni ule wa jamii ya Sri Lanka, wenye gome jembamba linalojikunja tabaka kwa tabaka, na una kumarini kidogo sana ukilinganisha na gome nene, gumu, la kutoka China na Indonesia. Kumarini ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuumiza ini, kwa hiyo kwa anayekunywa kila siku tofauti hiyo ni ya kweli. Iliki ni kinyume cha mdalasini. Ganda lake lipasuliwe muda huohuo wa kutumia, mbegu zipondwe kidogo, na zitiwe kwenye maji yaliyokwisha kuipuliwa, zifunikwe nusu saa. Ukizichemsha, ule ubaridi wa juu unaofanana na mkaratusi hupaa na kubaki ukali. Mchaichai uende na iliki, kwani harufu yake ya ndimu haistahimili moto mrefu.

Karafuu inahitaji mkono mwepesi kuliko kiungo kingine chochote. Tumba lake kavu lina mafuta mengi mno, wastani wa asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ileile iliyowahi kutiwa kwenye jino bovu ili kulifisha ganzi. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ina misombo ya jamii hiyohiyo, ndiyo inayotoa ile harufu ya moshi. Ukiziweka pamoja bila kipimo, kinachokuja kikombeni ni harufu ya zahanati. Matumba manne kwa nusu lita yanatosha, dakika tano, na ninaona ni bora karafuu iwe msindikizaji wa mdalasini kuliko kuwa shira peke yake. Vanila inahitaji subira ya namna nyingine. Ganda bichi halina harufu, maana vanilini bado imefungwa kwenye sukari ya mmea na huachiliwa wakati wa kuivisha na kuanika; anayeuziwa maganda ya kijani kwa bei nafuu amepata mboga. Ganda lililoivishwa lipasuliwe kwa urefu, mbegu zikwanguliwe, viloweshwe pamoja kwenye maji ya moto, na ganda lenyewe libaki ndani ya chupa. Litaendelea kutoa harufu kwa wiki nzima.

Tangawizi ina siri ambayo wauza chai wanaijua kwa vitendo. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na juisi yake ikimwagwa kwenye maziwa ya uvuguvugu huyagandisha. Kule kusini mwa China kuna kitindamlo kinachotengenezwa kwa kutegemea jambo hilo. Kwa kahawa ya maziwa ni balaa. Kimeng'enya hicho hufa kwa joto, kwa hiyo tangawizi ichemshwe kwanza kwa dakika kumi kamili, na mtu asidanganyike na wazo kwamba juisi iliyokamuliwa bila moto ina nguvu zaidi. Moto nao hubadilisha ukali wake: ule unaochoma ulimi hupungua kidogo na kuacha joto la taratibu linalokaa kooni, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloelewana na kahawa. Mtu akitaka ukali zaidi, aongeze pilipili manga tano zilizopondwa kuliko kuongeza tangawizi.

Maji yenye harufu yakishachujwa kwa kitambaa safi na kupimwa, sukari hutiwa yakiwa bado ya moto. Inayeyuka kwa kukorogwa tu. Baada ya hapo sufuria irudishwe motoni mpaka ianze kutokota, iipuliwe mara moja, na shira imiminwe ingali ya moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa. Mtokoto huo mfupi ni kwa ajili ya kuua vijidudu, basi. Hauongezi uzito wala ladha. Wengine watasema sukari ya kwetu ya rangi ya kahawia haifai, kwamba shira inataka sukari nyeupe kama ya chupa za Ulaya. Sukari nyeupe inaleta shira angavu, na kwa mchaichai au iliki peke yake ninakubali kwamba inaonyesha harufu vizuri zaidi. Lakini sukari ya Kilombero au Mtibwa imebakiza molasi kidogo, na molasi ina ladha inayokaribiana na ile ya kukaangwa iliyomo kwenye kahawa yenyewe. Kwa mdalasini, tangawizi na vanila haina mpinzani. Kazi yake ya ziada ni povu la kijivu linalopanda wakati wa kutokota. Lienguliwe kwa kijiko, na shira itatulia.

Pingamizi zito zaidi ni la uhai wa chupa. Ya dukani hukaa miezi mingi rafuni, ya nyumbani huchacha, sasa faida iko wapi? Ni kweli, na sababu haifichiki: za viwandani nyingi huongezwa asidi na vihifadhi kama sobati na benzoeti, vilivyoruhusiwa kwa viwango maalumu, na hakuna haja ya kuvipigia kelele kana kwamba ni sumu. Nyumbani hatuvihitaji kwa sababu hatutengenezi kwa ajili ya meli. Hata hivyo sukari nyingi si kinga kamili. Kuna hamira pori zinazopenda utamu, zinaishi hata pale bakteria wote walipokwisha kukata tamaa, na kuvu nao huota juu ya shira nzito ikipata tone la maji ukingoni. Dalili zake ni mapovu madogo, harufu ya pombe, na kifuniko kinachofyatuka. Chupa ya namna hiyo imwagwe. Hamira hizo huingizwa na kijiko kilicholambwa, mdomo wa chupa usiofutwa, na shira kuukuu inayomwagiwa shira mpya juu yake. Nusu lita kwa mara moja inatosha familia, ndani ya friji, kwa wiki tatu au nne. Asiye na friji atengeneze ile ya mbili kwa moja, aigawe kwenye chupa ndogo na kufungua moja baada ya nyingine, kwa kuwa chupa isiyofunguliwa iko salama kuliko kubwa inayofunguliwa kila asubuhi.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya mila, na hoja yao ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kahawa ya mtaani kwetu, inayotoka kwenye birika juu ya jiko la mkaa na kumiminwa kwenye kikombe kidogo, hunywewa chungu. Utamu unakaa pembeni, ndani ya kashata, au halua kwa upande wa Unguja, na mnywaji hupishanisha mwenyewe. Huo ni ustadi, kwani ulimi unapata uchungu na utamu kwa zamu bila kimoja kukimeza kingine. Sukari ikiwa ndani ya kikombe hufunika uchungu moja kwa moja. Sina hamu ya kuona shira ikimiminwa kwenye kahawa ya barazani. Lakini kahawa yenye maziwa, kahawa ya kopo kama Africafe inayokorogwa haraka asubuhi, na kahawa ya barafu ya mchana wa Morogoro ni vinywaji vingine. Havina kashata pembeni, vina wingi mkubwa kuliko kikombe cha barazani, na tayari vinatiwa sukari kwa vijiko bila mtu kuhesabu. Tena zile zinazotokana na robusta ya Kagera zina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wa kuendana nayo. Hapo shira haiondoi mila yoyote.

Na afya je? Shira ni sukari, na viungo haviigeuzi kuwa dawa. Anayeuza shira ya mdalasini kama tiba ya kisukari anafanya hatari. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ikiwezekana isizidi 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kijiko cha chakula cha shira ya uzito sawa, mililita 15, kina takriban gramu 9 za sukari. Cha mbili kwa moja kina zaidi ya 13. Vikombe viwili vya namna hii ya pili vimemaliza siku nzima. Ninachoweza kuitetea nacho shira ni kwamba inahesabika. Vijiko vya chai vya sukari huwa vya bapa leo na vya mlima kesho, ilhali kijiko cha shira hakiwezi kurundikwa. Harufu kali ya iliki au mdalasini nayo humfanya mnywaji aridhike na utamu mdogo, kwa kuwa pua inauhesabu utamu pamoja na ulimi. Kuna na sababu ya mfukoni. Mapema mwaka 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na kupanda bei hadi Serikali ikaingilia kati kwa bei elekezi. Robo tatu ya sukari ni fedha. Kuipoteza kwa kuichemsha mpaka igande chupani ni ubadhirifu, hata kama bei imeshuka.

Asali ya porini isimame badala ya sukari? Inawezekana, ila ina harufu yake isiyokubali kukaa kimya mbele ya iliki, na ikishaongezwa maji hupoteza ulinzi wake na kuchacha upesi kuliko shira. Itiwe kikombeni moja kwa moja, na isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa sura yoyote.

Yamebaki matunda, na hapa Mgeta inarudi. Plamu, pichi, rosela na ukwaju hutoa shira nzuri mno, tena asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, mchanganyiko unaochelewa kuganda chenga; tone la ndimu katika shira ya viungo hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi. Lakini asidi ina gharama. Protini kuu ya maziwa huganda uchachu ukifika pH 4.6, na maji ya rosela yako chini ya hapo kwa mbali. Shira hizo ziende kwenye kahawa nyeusi, iliyopozwa, yenye barafu na maji ya gesi kama yapo, na chupa zake ziandikwe jina, kwa kuwa ndani ya friji ya rosela na ya mdalasini wa sukari ya kahawia hazipishani sana kwa rangi.